Betri ya Shemeji Idi

Jumanne, 1 Julai

Maji yametoka saa kumi na moja alfajiri. Nimejaza tangi, ndoo, mpaka masufuria. Nimepika uji. Mume wangu Seif kaamka, kanywa, karudi kwenye simu. Magari tu. Tangu astaafu bandarini mwezi wa nne hana kazi nyingine. Asubuhi video za magari ya umeme, mchana video za magari ya umeme, jioni anaongea na mdogo wake Idi, wakala wa forodha kule Kurasini. Wanacheka kama watoto walioahidiwa baiskeli.

Mafao yake yameingia wiki iliyopita. Milioni ishirini na nne. Mie nilishajua pa kuzipeleka. Nyumba hii ya Kibamba ina vyumba viwili havina dari wala madirisha, mwaka wa sita huu. Tumekaa na vumbi la barabara kama wapangaji wenzetu. Yeye anataka gari, afanye teksi ya mtandao. Tena la umeme.

Nimemuuliza betri ikifa nani atanunua nyingine. Hakunijibu. Alikuwa anaosha kikombe, mgongo kanipa. Miaka ishirini na nane ya ndoa, nusu nimejibiwa na mgongo.

Nimekwenda kazini zahanati, maabara, uso umekunjamana. Nimemchoma mgonjwa mara mbili kabla ya kupata mshipa. Si kawaida yangu.

Alhamisi, 3 Julai

Idi kalileta hilo gari. Dogo, jeupe, limeng'arishwa mpaka tairi. Limetoka Japani, limetumika huko miaka tisa. Idi kaingia sebuleni kwangu na miwani ya jua.

Kasema hapa tumesahau mafuta, hakuna oili, hakuna plagi, hakuna fundi wa kula hela zetu. Kanitoa nje kunionyesha kioo cha mbele ya usukani. Kuna vijiti kumi na viwili pembeni, ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri. Vyote vimewaka. Betri mpya kabisa, anasema. Gari la miaka tisa, betri mpya kabisa.

Mie napima damu za watu mwaka wa ishirini na sita sasa. Wamepita kwenye kiti changu watu wanene, wanang'aa, wanatania, na majibu yao yakatoka mabaya. Sitegemei sura ya mtu, sembuse ya gari.

Seif kaingia upande wa dereva, kafunga mlango, kawasha, kafumba macho. Kakaa hivyo dakika nzima. Mwanamume wa miaka sitini. Majirani wanaangalia. Nimeona aibu nikarudi ndani.

Bei milioni kumi na tisa. Bei ya ndugu, eti.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu, sote tupo nyumbani, kwa hiyo tumegombana tangu chai mpaka adhuhuri.

Nimemwambia atakuwa punda wa Idi. Nimemwambia Idi hajawahi kumpa mtu kitu kizuri, hata harusini kwetu alileta feni mbovu. Hili la feni ni kweli. Seif kasema mie furaha yangu iko kwenye kukataa. Kasema hajawahi kumiliki kitu, kila alichogusa maisha yake yote kilikuwa cha bandari, na siku anapotaka kimoja mke wake anamsimamia mlangoni kama askari.

Wali umeungua. Tumeula hivyo hivyo, kila mtu chumba chake.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimepiga hesabu nyuma ya fomu ya maabara. Nia yangu ilikuwa kumuumbua.

Nimemuuliza jirani anayeendesha teksi ya petroli. Mafuta elfu thelathini na tano kwa siku, akiwa na bahati. Umeme kwa mwendo huohuo haufiki elfu kumi. Basi unabakiwa na elfu ishirini na tano kila siku ya kazi. Kwa mwaka inakaribia milioni nane. Nimerudia mara tatu. Ni hiyohiyo.

Halafu betri. Idi anasema betri nyingine ni milioni nane. Wauzaji wawili niliowapigia wamesema kumi na tatu, na hiyo ni iliyotolewa kwenye gari la ajali. Nimeshika kumi na tatu.

Ikidumu miaka mitano, mafuta uliyookoa yananunua betri tatu. Ikidumu miwili, yananunua moja na unabaki na hela ya kupaka rangi. Ikidumu mmoja, umefilisika na gari limekaa uani kama banda la kuku.

Nimekasirika sana. Nilitaka hesabu imuumbue, imemtetea nusu. Gari la umeme si ujinga. Ujinga ni kutojua betri imebakiza miaka mingapi, na hilo hakuna anayenijibu. Idi anaonyesha vijiti. Seif anamwangalia Idi.

Sikumwonyesha hiyo karatasi. Angefurahi.

Jumamosi, 12 Julai

Temeke. Nesi mmoja wa kazini kanielekeza kwa Bi Sakina, mama wa Kihindi, Khoja, mwenye karakana ya betri. Anatengeneza za bajaji, za sola, na siku hizi za magari. Babu yake aliuza baiskeli kwenye chumba hichohicho. Ana miaka sitini na kitu, glavu mpaka kwenye viwiko, miwani imefungwa kamba shingoni. Nimempa shikamoo, kaitikia bila kuinua kichwa, kaniacha nimesimama mpaka alipomaliza kukaza nati zake.

Nimemweleza. Gari jeupe, miaka tisa, vijiti kumi na viwili.

Kacheka. Hicho kicheko sikukipenda.

Kanieleza kama anamweleza mtoto wa darasa la pili. Kompyuta ya gari ndiyo inayowasha vile vijiti. Mtu akiifuta kumbukumbu, inaamini betri ni mpya na inaviwasha vyote. Baada ya wiki kadhaa za kuendeshwa inagundua ukweli, vijiti vinaanza kuzima kimojakimoja. Wakati huo aliyeuza keshakula hela. Dawa ni kuchomeka kifaa cha kusomea chini ya usukani. Kidogo kama kiberiti. Kinasoma betri yenyewe, hakisomi vijiti. Dakika tano tu.

"Sikiliza mwanangu," kaniambia. "Watu wanauliza betri bei gani, kama wanauliza bei ya tairi. Betri ndiyo gari. Vingine vyote ni viti."

Kanitoza elfu kumi kwa maneno. Nimelipa nikiwa na hasira. Njiani nimeona kwamba ni mtu wa kwanza aliyenijibu tangu mwezi uanze.

Jumapili, 13 Julai

Sijamwambia Seif. Nasubiri saa yake. Ukweli nataka nimwambie Idi akiwepo, wote wawili wawe wameketi.

Jumanne, 15 Julai

Keshalipa.

Nimekuta risiti kwenye mfuko wa suruali nilipokuwa nafua. Milioni tatu, ya Ijumaa. Idi anaziita kishika uchumba. Basi mume wangu kachumbia bila kuniambia, na Jumamosi nzima mie niko Temeke namtafutia salama.

Nimemfuata uani na ile suruali inachuruzika maji. Nimemwambia vijiti vimefutwa, mdogo wake ni mwizi, na yeye ni mjinga. Nimelisema hilo neno kwa sauti ya kumfikia kila mtu. Jirani alikuwa anachota maji bombani kwetu. Kaacha ndoo haijajaa, kaondoka.

Seif kaniangalia tu. Kisha kaingia ndani, kavaa, katoka. Karudi magharibi. Hakugusa chakula.

Alhamisi, 17 Julai

Hatusemeshani. Siku ya pili.

Lile neno lilikuwa baya. Simwombi radhi.

Jumamosi, 19 Julai

Idi kaja mchana kuchukua zilizobaki. Nilijua angekuja, nikabaki nyumbani. Nimemkaribisha, nimempa juisi ya ukwaju, nikamwambia mbele ya kaka yake kwamba kabla ya shilingi moja kutoka, gari liende Temeke likasomwe na kifaa.

Kasema haiwezekani. Kifaa kinaharibu kompyuta. Kisha kasema yadi linakolala gari hairuhusu. Kisha kasema mafundi wa mitaani ni matapeli. Sababu tatu ndani ya glasi moja ya juisi. Nimezihesabu kwa sauti, nikanyoosha vidole. Kaniita shemeji mara nyingi.

Seif alikuwa kimya, anatusikiliza. Nikadhani yaleyale. Halafu kasema Jumanne tutaliendesha. Kibamba mpaka Gongo la Mboto na kurudi, gari likiwa na chaji kamili. Kasema hiyo ni nusu ya siku yake ya kazi, kama gari haliliwezi hilo halina maana kwake.

Idi hakupenda. Kasema kwa nini tusiishie Ubungo, si inatosha. Seif kasema Gongo la Mboto.

Nimeongeza kiyoyozi kiwe kimewashwa njia nzima. Abiria wa Dar hawapandi tanuri. Seif hakunitazama lakini hakupinga.

Jumanne, 22 Julai

Nimeomba ruhusa kazini. Ya kwanza mwaka huu, nimeitumia kwa ugomvi.

Idi kalileta tena gari jana jioni, likalala limechomekwa ukutani kwetu. Asubuhi limejaa. Kioo kinasema kilomita mia moja arobaini na nane. Idi kapiga picha. Mie nikaweka kwenye buti madumu manne ya maji, ya lita ishirini, yawe badala ya mizigo ya abiria. Idi kasema huo ni uchokozi. Kweli ulikuwa uchokozi. Seif kafunga buti.

Seif dereva, mie kushoto kwake, Idi nyuma na simu mbili.

Kushuka mjini raha tupu. Kibamba, Mbezi, Kimara, barabara yote inateremka, gari linateleza. Kilomita kwenye kioo zinapungua polepole. Idi anapiga mluzi. Pale Ubungo kaniuliza kama bado nina maneno. Tumeshika Mandela, foleni ya malori, kilomita zikaanza kukimbia, kisha Pugu Road. Gongo la Mboto tumefika saa tano kasoro. Kioo kinasema hamsini na nane, na kurudi kuna kama arobaini na nne. Idi kasema mnaona, zinatosha na za juu zipo.

Kurudi, mambo yakawa mengine. Kufika Tazara tumekula ishirini kwa mwendo wa kumi na mbili. Idi kaacha mluzi. Kasema tuzime kiyoyozi kidogo. Seif hakuzima. Kufika Ubungo taa ya njano imewaka. Kimara pale mlima unapoanza, kioo kikaacha kuonyesha namba, kikawa vistari tu. Halafu ikatokea picha ya kobe.

Kobe kweli. Mdogo, wa rangi ya chungwa. Nimemuuliza Idi maana yake nini. Kainamia simu zake. Seif kakanyaga, gari haliitiki. Linakwenda kwa mwendo wa mtu mzima anayepanda ngazi. Nyuma yetu malori yanapiga honi. Bodaboda wanatupita na kututazama usoni. Tumepita Kimara Temboni kwa shida, na mbele kidogo limezima. Zimebaki kilomita kumi na mbili.

Wapita njia watatu wametusaidia kulisukuma mpaka mbele ya mgahawa. Idi kasema anakwenda kumpigia mtu wa yadi. Kavuka barabara, kapanda bodaboda. Hakurudi.

Mama wa mgahawa kakubali tuchomeke kwenye soketi yake kwa waya mrefu. Nimemnunulia umeme kwa simu. Kasema kwa soketi hiyo tutakaa saa tatu au nne, keshaona wengine.

Kwa hiyo tumekaa. Mie na Seif, meza ya plastiki, chai, chapati. Nilikuwa na maneno tayari tangu tarehe moja, yamepangwa vizuri. Nimeanza na lile la kwanza. Nimesema, "Nilikwambia."

Kasema, "Ulisema."

Nikangoja anitukane ili niendelee. Badala yake kasema, anaangalia kikombe:

"Sikio hili la kulia halisikii. Mwaka wa sita huu. Ile mashine ya makontena bandarini, miaka thelathini na moja nimekaa juu yake, injini iko hapa." Kagusa pembeni ya kichwa. "Hata nikilala naisikia. Inalia tu humu ndani. Siku ile nimekaa kwenye hili gari, nimeliwasha, halikulia. Kwa mara ya kwanza nikahisi kama na humu kumetulia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ungenipima," kasema.

Nimekunywa chai imeshapoa. Tumekaa saa tatu na nusu. Kisha tukaenda nyumbani bila kiyoyozi.

Jumatano, 23 Julai

Kazini nimefanya makosa mawili kwenye daftari. Nilikuwa nahesabu kingine.

Mie nalala upande wake wa kulia. Mezani nakaa kulia kwake. Miaka sita. Mara ngapi nimeuliza kitu, nikakosa jibu, nikakiweka moyoni kama dharau? Kwenye gari nilikuwa kushoto kwake. Kote njiani alinijibu.

Si zote. Nyingine alinisikia vizuri kabisa.

Na bado kalipa milioni tatu bila kuniambia. Sikio halihusiki na hilo. Nimemwambia leo jioni, nimezunguka meza nikasimama kushoto. Nimemwambia pia lile neno la uani lilinitoka, na halikustahili. Kasema halikustahili mbele ya jirani. Sijui maana yake ni nini. Labda ndani lingestahili.

Ijumaa, 25 Julai

Kurasini. Nimeomba ruhusa ya pili kazini, tumefika kwa Idi saa tatu asubuhi. Ofisi yake ni kontena lililotobolewa dirisha, mezani kuna mihuri na ua la plastiki, nje malori yamepanga foleni ya kuingia bandarini. Gari jeupe limerudi yadini hapo nyuma, limeoshwa, limewashwa. Nimechungulia kioo. Vijiti vimebaki kumi. Viwili vimezima tangu Jumanne.

Idi kaanza kwa kuomba msamaha wa dharura iliyomwondoa. Seif kamuuliza swali moja.

"Ulijua?"

Idi kasema magari ya mitumba ni bahati nasibu. Seif kauliza tena, neno lilelile. Idi kasema kila mtu anafuta, asipofuta haliuziki, na kwa kaka yake alishusha bei kwa sababu hiyo. Kasema kabisa. Kama anaomba ashukuriwe.

Seif kasema anataka hela yake. Idi kasema zimeshalipia ushuru wa gari lingine, arudi mwezi ujao, na atakata gharama za yadi na za kuosha.

Nilishafungua mdomo. Seif kainua mkono kidogo, akavuta kiti cha wageni, akakiweka mlangoni kwenye kivuli, akakaa.

Akakaa tu. Kaja mteja wa kwanza, kijana na mke wake, wanataka gari la umeme. Seif kawasalimia vizuri. Kawaambia: mwulizeni kuhusu betri, na mwambieni mnataka isomwe na kifaa. Wale wakauliza. Idi akaanza sababu zake. Wakaondoka. Akaja mwingine, mzee mwenye kofia ya kufumwa. Vilevile. Saa sita wakaja wawili pamoja. Idi akaja mlangoni, akamwambia kaka yake anamharibia. Seif akamwambia, "Nimestaafu, Idi. Nina muda."

Mie kazi yangu ilikuwa kununua maji na karanga. Sikusema neno tangu saa tatu mpaka saa nane na robo. Nadhani sijawahi kukaa hivyo.

Saa nane na robo Idi katuma milioni tatu kwenye simu ya Seif. Zote. Kasema undugu umeishia hapo. Seif karudisha kiti mahali pake, kakipangusa vumbi kwa mkono.

Hakuniangalia mpaka tumefika kituoni. Sikumshika mkono. Nilitaka. Watu walikuwa wengi.

Jumapili, 27 Julai

Mama mkwe kapiga simu kutoka Bagamoyo. Kampigia mwanawe kwanza, kisha kaniomba mie. Kasema nimewatenganisha watoto aliowanyonyesha ziwa moja. Kasema tangu siku ya kwanza aliniona macho yangu ya kupekua. Nimeitikia ndiyo mama, ndiyo mama, nikakata nikaenda kusugua sakafu ambayo haikuwa chafu.

Namchukia Idi. Nimeandika mara moja hapa inatosha.

Seif kafuta zile video zote. Kasema basi, tuweke madirisha. Nilikuwa nasubiri sentensi hiyo tangu mwezi wa nne. Imekuja na uso ule, sikuitaka.

Jumatano, 30 Julai

Nimempa ile karatasi yenye hesabu. Kaisoma mara mbili. Kauliza lini niliandika. Nimemwambia tarehe tisa.

Kasema kwa hiyo nilijua yuko sahihi, nikamnyima. Tumegombana tena, ugomvi mzuri sasa, wa mambo ya kweli. Nimemwambia alikuwa sahihi kuhusu gari na mjinga kuhusu muuzaji. Kasema hilo anaweza kuishi nalo.

Jumamosi, 9 Agosti

Temeke tena, wote wawili. Bi Sakina, niliyemwachia namba, alipiga simu juzi. Kuna mwalimu anahamia Mwanza, anauza la kwake. Aina ileile, umri uleule. Baya. Rangi ya bilinganya lililochakaa, bampa limepasuka, kiti cha nyuma kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Kwenye kioo vijiti kumi tu, na mwalimu hakujaribu kuvieleza.

Bi Sakina kachomeka kifaa. Tumesimama nyuma yake kama watu wanaosubiri majibu. Najua ule msimamo, nauona kila siku kutoka upande wa pili wa dirisha. Betri imebakiza asilimia themanini na moja ya nguvu yake. Kaangalia kila seli, zinalingana. Kasema miaka minne, labda mitano, kama Seif hataijaza mpaka juu kila siku na hataliacha likaangwe juani.

Seif kauliza, je, baada ya hapo?

"Baada ya hapo utanunua betri," kasema. "Kama mtu mzima."

Mwalimu anataka milioni ishirini na mbili, hashuki. Zaidi ya la Idi kwa milioni tatu, kwa gari lenye sura ya kupigwa. Nimeangalia lile bampa nikaona madirisha yangu yanaondoka. Nililia kidogo kwenye choo cha Bi Sakina, kwa hasira. Kisha nimetoka nikasema ndiyo.

Sharti langu: kila siku ya kazi elfu kumi na mbili zinaingia kwenye akaunti ya betri, kabla ya chakula, kabla ya kila kitu. Miaka minne zinavuka milioni kumi na nne. Betri nyingine inatungoja pale, haituvamii. Sharti lake: akaunti iwe na saini mbili. Kasema yeye si mtoto wa kuwekewa kibubu na mkewe. Nimekubali. Sikupenda.

Bi Sakina hakututoza kwa maneno leo. Katutoza kifaa.

Jumamosi, 16 Agosti

Wiki ya kwanza ya kazi. Siku nne kaweka elfu kumi na mbili bila kukumbushwa. Siku ya tano kasahau, nimemkumbusha, kanuna. Ya sita kaweka ya siku mbili, kanionyesha simu bila kusema.

Abiria mmoja kampa nyota moja, eti gari baya. Kakaa na hilo jioni nzima. Nimemwambia abiria huyo hana akili. Nimemwambia nikiwa upande wa kushoto.

Alhamisi, 21 Agosti

Kanipeleka kazini. Ananipeleka kila asubuhi sasa kabla ya mteja wa kwanza, sikumwomba.

Tumebishana kutoka getini mpaka zahanati. Mie nasema safari za uwanja wa ndege zinakula betri, yeye anasema ndizo zinazolipa. Nikasema atazame namba. Akasema nitazame barabara. Hakuna aliyekubali. Mama yake bado hanisalimii. Idi hajapiga simu, na Seif akiona namba ya Kurasini anaiangalia mpaka inakata.

Nje ya zahanati kasimamisha chini ya mwarobaini. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi, mlango haujafunguliwa. Kazima kiyoyozi. Ikawa kimya kabisa humo ndani, nikasikia pumzi zake. Kaweka kichwa kwenye kiti, kafumba macho.

Nilikuwa bado na hoja moja kuhusu uwanja wa ndege. Nzuri sana. Nimeiacha.

Nimekaa naye mpaka mlinzi alipokuja na funguo.